Maneno ya Kupona, na Ndugu Yangu Elias

Jumamosi, 25 Januari

Darasa limeanza kwa wakati. Maandazi ya Mama Sifa yaliisha kabla sijafuta ubao. Nimeandika kichwa: Maneno ya Kigiriki ya kupona. Tutakwenda nayo hadi mwisho wa Februari.

La kwanza: anesis. Nafuu. Wagiriki walilitumia kwa kamba inapolegezwa. Upinde uliokazwa kutwa nzima huharibika, hivyo mwenye upinde akimaliza kazi anaulegeza. Nimewaambia: hii siyo kupona bado. Ni kamba kulegea tu. Lakini anayeumwa haidharau.

Mama Sifa ameniuliza nani alinifundisha. Nimemjibu: darasa la jioni la kanisa la Wamarekani, wenyeji wetu, hapa hapa Brooklyn Park, bure, na kamusi waliyonipa. Kidato cha nne nilimalizia kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma. Herufi za Kigiriki nimezijulia kwenye theluji. Sioni sababu ya kuona haya.

Elias hakuja. Ndugu yangu amezuiliwa Meza ya Bwana na gitaa la kwaya. Darasa hakuzuiliwa. Lakini siku hizi anakaa mbali hata na mlango ulio wazi.

Jumatatu, 27 Januari

Zamu ya asubuhi, nyumba ya kutunzia wagonjwa, Fridley. Mzee aliyevunjika nyonga amesimama leo. Nilimfunga mkanda kiunoni nikakaa ubavuni. Ukimvuta mgonjwa mikono, mnaanguka wote wawili.

Betri ya gari langu imekufa kwa baridi. Elias alikuja kunichukua. Njiani akasema wazee wa kanisa wamemwita. Anadhani watamrudisha.

Umetimia mwaka. Alilewa, akamsahau binti yake Furaha nje ya shule kwenye theluji, kisha akagonga gari lililoegeshwa, polisi wakamchukua. Mtoto alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Alichukuliwa na mama wa mwenzake. Kanisa likamtenga Elias. Haki yao.

Tangu hapo hajagusa chupa. Naamini, kwa sababu huwa naingia kwao bila kupiga simu.

Jumamosi, 1 Februari

Anapsuksis. Kupoa. Upepo unaompata mtu aliyetoka kwenye joto, pumzi ikarudi.

Mama Sifa: "Mwalimu, neno hilo wape watu wa Uvira, kwenye joto. Sisi wa Minnesota tutafutie la kupashwa moto."

Darasa zima lilicheka. Mimi pia. Nje ngozi ya uso ilikuwa inauma. Nimewaambia wakumbuke saa nane mchana kule kambini, chini ya turubai, halafu mtu anafungua upande mmoja. Walielewa.

Somo zuri. Najua ninapofundisha vizuri.

Jumapili, 2 Februari

Mzee Lubunga, mwenyekiti wa wazee, ametangaza. Elias atapokelewa tarehe 23, kwenye ibada ya pamoja na wenyeji wetu Wamarekani. Askofu atakuwepo, atagawa Meza.

Nimefurahi. Nililia kidogo msalani, nikanawa, nikarudi kuimba.

Elias alitazama sakafu muda wote. Wifi yangu Zawadi alimpiga kiwiko ili anyanyue kichwa.

Jumanne, 4 Februari

Nimekaa na ratiba ya wakalimani. Mimi ndiye ninayeipanga. Tarehe 23: Furaha. Ibada ya pamoja huwa yeye, maana Kiingereza chake kinazidi cha vijana wote.

Ndipo nikaona.

Desturi yetu tumetoka nayo mbali. Anayerudishwa husimama mbele. Anataja kosa kwa kinywa chake. Wazee wanamwuliza maswali, anajibu, anapewa mkono wa kuume. Na mkalimani husimama naye bega kwa bega, sentensi kwa sentensi. Kanuni niliwafundisha mwenyewe: mkalimani hasemi "yeye anasema". Anasema "mimi".

Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na sita atasema mbele ya makanisa mawili: mimi nililewa, mimi nilimwacha binti yangu kwenye baridi.

Walisogeza tarehe ili askofu awepo. Wazee wote mezani, hakuna aliyeuliza nani atatafsiri. Kambini hatukuwa na mkalimani. Wote tulisikia lugha moja, na wote tulikuwa tunajua kilichotokea kabla hakijasemwa.

Nina hasira. Lakini hili linatengenezeka.

Jumamosi, 8 Februari

Katartismos. Neno ninalolipenda kuliko yote. Waganga wa Kigiriki walilitumia kwa mfupa ulioteguka: kuurudisha mahali pake. Wavuvi nao kwa nyavu zilizochanika. Na kwenye nyaraka za mitume limetumika kwa ndugu aliyekosa. Arudishwe, tena kwa upole.

Baada ya darasa nilimzuia Mzee Lubunga. Nikamwambia: mganga wa mifupa anauliza panauma wapi. Haulizi ulianguka ukiwa na nani. Yale maswali yafutwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Kisha: "Mama Riziki, lisilosemwa kanisani linasemwa jikoni. Kaka yangu tulimpokea kimyakimya, kwa huruma. Watu walimsema mpaka tunamzika. Mimi nataka la Elias liishe siku hiyo hiyo. Kabisa."

Nimekasirika zaidi kwa sababu ana hoja.

Tumekubaliana nusu. Nitafute mkalimani mwingine. Maswali yanabaki.

Jumatano, 12 Februari

Nimempata mkalimani, kijana wa Mama Sifa. Nikaenda kwa Elias kuwaambia. Elias alikuwa kazini bado. Furaha alikuwa mezani na hesabu zake.

Nikamweleza taratibu. Hakuinua hata kalamu.

"No, Shangazi."

Nikamweleza tena. Nikamwambia maswali yatakayoulizwa. Nikamwambia atalazimika kusema "mimi".

"I know how it works. You taught me."

Nikamgeukia mama yake jikoni. Zawadi akageuza samaki. "Wifi, usinitazame. Kichwa hicho ni cha ukoo wenu. Mimi nilileta macho tu."

Furaha akasema mwingine akitafsiri atakosea. Atapunguza, au ataongeza. Kisha akarudi kwenye hesabu.

Nilikwenda na jibu mfukoni. Nimerudi nalo. Sijazoea.

Jumamosi, 15 Februari

Analepsis. Ugonjwa umekwisha, nguvu hazijarudi. Waganga wa zamani waliziogopa siku hizo. Mtu anajiona mzima, anachukua jembe, anaanguka.

Elias alikuja leo. Mara ya kwanza. Alikaa karibu na mlango bila kuvua koti. Mwishoni akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Siku hizo huwa ni ngapi?"

Nikamwambia kamusi haisemi.

Mama Sifa akamsogezea sahani. "Kula andazi, Baba Furaha. Nguvu zinaanzia hapo." Watu wakacheka. Naye akacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu mwaka jana.

Garini, nikimrudisha Elias, mambo yakageuka. Anasema amepata kanisa Oakdale. Hawamjui kule. Anaweza kuanza upya Jumapili yoyote, bila kusimama mbele ya mtu. Tena Furaha hatalazimika kusimama naye. Amemsihi aache, mtoto hataki.

Nilimjibu waziwazi: wasiokujua wanaweza kukukaribisha. Kukurudisha hawawezi.

Akasema: "Wewe una maneno, dada. Mimi nina uso."

Nilimshusha mlangoni kwao. Bado nadhani nilisema kweli. Na yeye pia.

Jumamosi, 22 Februari

Darasa la mwisho. Apokatastasis. Mkono uliopooza ukarudi mzima kama mwenzake. Nimefundisha vibaya. Nimesoma karatasi tu.

Elias hajibu simu tangu juzi. Zawadi anasema anatoka kazini, analala, hali chochote. Nilipita kwao saa kumi. Sikusikia harufu ya pombe. Nilinusa hata glasi kwenye sinki. Zawadi aliniona nikinusa. Na yeye alikwisha kuzinusa.

Naogopa kesho. Akikosa kuja, mlango huo hataugusa tena. Namfahamu tangu nilipombeba mgongoni.

Jumapili, 23 Februari

Walikuja. Wote watatu, kwa gari moja. Elias amevaa suti ya harusi yake, imembana mabegani.

Ukumbi ulijaa. Wenyeji upande wa kulia na makoti yao mapajani, sisi kushoto. Askofu katikati. Nilikaa kiti cha pembeni ili niweze kuinuka haraka. Sijui ningeinuka kufanya nini.

Mzee Lubunga akamwita. Elias akapanda. Furaha akapanda nyuma yake, kipaza sauti mkononi, nywele amesuka upya. Akasimama kushoto kwa baba yake. Mabega yakagusana. Sasa wanalingana urefu, sikuwa nimegundua.

Elias akasema sentensi ya kwanza: Nilikunywa pombe. Furaha akaipeleka kwa Kiingereza, sauti ile ile anayotumia kwa matangazo. I drank.

Niliendesha gari nikiwa nimelewa. Akaipeleka.

Nilimwacha binti yangu nje ya shule kwenye theluji.

Hapo Elias akakwama. Mdomo wazi, hakuna kilichotoka tena. Furaha akangoja. Alipoona hakuna zaidi, akatafsiri ile aliyoipata. I left my daughter outside her school in the snow. Hakupunguza. Hakuongeza. Upande wa kulia mama mmoja wa Kimarekani akafunika mdomo.

Mimi niliona haya kwa kutaka kumwondoa pale.

Elias akamaliza. Ameacha. Anaomba arudi. Ikaenda kwa Kiingereza.

Kisha maswali. Mzee Lubunga alivaa miwani, ingawa maswali anayajua kwa moyo. La kwanza, kama anakiri. Ndiyo. Yes. La pili likaja: "Pombe hiyo ulikunywa na nani, na wapi?"

Furaha alikuwa na kipaza sauti karibu na midomo. Akakishusha. Niliona Wamarekani wakisubiri Kiingereza. Hakikuja.

Akamgeukia Mzee Lubunga, akasema kwa Kiswahili. Mtoto huyu tunamwongelesha Kiswahili tangu alipofika hapa akiwa mdogo, anajibu Kiingereza. Leo alisema polepole, kila neno mahali pake.

"Samahani, babu. Hilo sitalitafsiri. Niliyeachwa kwenye theluji ni mimi. Nami nimemaliza."

Nilihesabu ni kosa kubwa. Mtoto kumkatalia mzee, madhabahuni, mbele ya askofu. Zawadi alinishika mkono, kucha zikaingia.

Mzee Lubunga akavua miwani. Akaikunja. Alikuwa anamtazama Furaha, siyo Elias.

"Umemaliza kabisa?"

"Ndiyo, babu."

"Hakuna kilichobaki jikoni?"

Furaha akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri. "Nikikasirika, nitamwambia yeye mwenyewe."

"Basi," akasema mzee. "Na sisi tumemaliza." Akatoa mkono wa kuume. Elias akaushika kwa mikono yote miwili, akalia bila kuficha, na mama zetu wakapiga vigelegele hadi askofu akaruka kidogo kwenye kiti.

Mwenyeji aliyekuwa karibu nami akaniinamia, akauliza binti amesema nini. Nikamwambia: amesema imetosha.

Elias alikula Meza.

Baadaye, mlangoni, Mzee Lubunga alinipita. "Mama Riziki, mfupa wako umerudi." Nikamjibu kwamba siyo mimi niliyeurudisha. Akasema anajua. Alikuwepo.

Alhamisi, 27 Februari

Joto kidogo. Theluji imelegea barabarani, matope kila mahali. Mzee wa nyonga amehamia kwa binti yake. Kitanda kimetandikwa kwa mwingine.

Jioni nilipita kwa Elias, nilikuwa nimebeba mboga. Alikuwa anakaanga ndagala, dagaa wa kwetu. Moshi ulijaa hadi kengele ya moshi ikapiga. Furaha akafungua madirisha yote akimfokea kwa Kiingereza, kwamba nguo zake zote zitanuka shuleni. Elias akamfokea kwa Kiswahili, kwamba anawasha hita ya mji mzima. Zawadi yuko kazini. Hakuna aliyewaamua.

Nilikaa na koti. Ndagala zilikuwa zimeungua upande mmoja. Tulikula.

Jirani akaja kugonga kuuliza kama kuna moto. Mmarekani, mpole. Elias akamtazama Furaha amjibu.

Furaha hakuinuka. "Leo niko off, Baba."

Elias akajifuta mikono, akaenda mlangoni mwenyewe. Nilimsikia akieleza samaki kwa Kiingereza chake. Ilichukua muda. Jirani aliondoka na sahani.

Niliosha vyombo. Nikarudi nyumbani.