Baba Anatembea ku Reli, mu Nyumba Anakwama

Lundi 3 mars
Kama kila siku. Kuosha moto, pikipiki yangu ya kazi, kuosha Baba, kubeba bantu ku marché, ku soko. Baba alikwama tena pa mulango ya chumba, miguu kama imepigwa misumari. Mama Béa, muke yake, alimushika mukono, akangoya mpaka alipita. Ule mama njo alinikomalisha tangu mama yangu alikufa. Minyi nilifika Ndola, Lusaka, mpaka Johannesburg. Muke ya uvumilivu kama ule sijaona.

Jeudi 6 mars
Ajabu. Nilipeleka Baba aone train ya bizigo. Miaka makumi tatu alikuwa anatengeneza reli. Akaangalia traverses, zile mbao zinalala chini ya reli, akaanza kuzikanyaga moja moja. Kama kijana. Nilimufuata nikichoka. Kurudi nyumbani, pa mulango: kukwama. Nilikasirika. Nilizani anatuchezea.

Dimanche 9 mars
Kikundi ya maombi balikuya, dada yangu mukubwa Yaya Solange mbele. Nikabaelezea mambo ya reli. Na minyi, bantu bakinisikiliza, sijue kuachia. Nikasema: "Mu hii nyumba iko colle, gundi ya miguu. Mama Béa njo anaipaka." Balicheka. Mama Béa pia. Yaya hakucheka.

Mardi 11 mars
Yaya amerudi na bajomba wawili. Yaya anasema: inje Baba anatembea, ndani anakwama, basi mulozi iko ndani. Na shahidi iko minyi. Nikasema ilikuwa mchezo. Akanijibu, "Kinywa yako inacheka, mudogo wangu, lakini ilisema kweli."
Bajomba balikata: Mama Béa atoke mbele ya dimanche, siku ya kanisa. Nilitaka kujiuma ulimi.

Mercredi 12 mars
Hospitali na Baba. Munganga kijana, mupole. Mu ubongo, anasema, iko cellules, seli za kutembeza mwili. Kwa Baba zinakufa polepole. Iko vitu vinaitwa facteurs de croissance, kama chakula ya kukomalisha cellules na kuzilinda. Benye masomo banatafuta kama chakula ile inaweza kuziokoa. Na reli? Macho ikiona mistari, ubongo inapata njia ingine ya kuamuru miguu. Bulozi hakuna.
Nikauliza ile chakula inauzishwa wapi. Minyi nilipitisha mabalo ya nguo ku frontière, ku mupaka ya Kasumbalesa, bila karatasi hata moja.
Munganga akanijibu: "Papa, hii frontière, hata weye hauwezi."
Ubongo iko na ukuta. Ukitia ile chakula mu damu, inabakia inje ya ukuta. Ulaya balijaribu kuipitisha na mupira mwembamba kama mrija mpaka ndani ya kichwa, na bado hawana hakika kama inaponyesha. Alitupatia vidonge. Vinasaidia kutembea, haviponyeshi.
Nilimuomba aandike yote. Aliandika.

Vendredi 14 mars
Nilifasiria Yaya: cellules, chakula, ukuta. Nilisema muzuri kama profesa. Alisoma karatasi, akaikunja, akanirudishia.
"Munganga anasema chakula inakosa mu kichwa ya Baba. Basi nani anaikula?"
Nikatia karatasi mu mufuko.

Samedi 15 mars
Mama Béa alipanda train ya Bukama, kwa ndugu zake. Hakungoya bamufukuze. Ku gare, kituo ya train, nilimuomba musamaha. Alisema kitu moja: "Siku ile nilicheka juu nilizani mutoto wangu anacheza."
Train ilichelewa masaa ine.

Lundi 17 mars
Nilipaka mistari ya chokaa toka kitanda mpaka inje. Nafasi kati yao kama ya traverses, nilipima na mukaba. Baba alivuka mulango peke yake. Nililia, sijifiche.
Yaya alikuya kuangalia. Alikanyaga chokaa yangu, hata hakuiona.
"Unaona? Mulozi alitoka, Baba anatembea."
Hata dawa yangu inamushitaki mama yule.

Jeudi 20 mars
Mvua ilifuta mistari ya inje. Nilipaka tena. Kule Bukama, Mama Béa hapokee telefone yangu.

Dimanche 23 mars
Sikuenda kanisa. Nilipika bukari, ugali yetu, ilikuwa na madonge. Baba alitoka chumbani mustari kwa mustari, akaikala pa meza. Akauliza, kama kila siku, Mama Béa iko wapi. Leo nilisema ukweli: minyi njo nilimutoa, na kinywa yangu.
Baba aliangalia sahani yake. Kisha alikula yote, na minyi pia.