Udongo wa Ooko

Amolo, nimetoka sasa hivi kwenye lile jengo la vioo walilojenga kwa ploti yetu, pale palipochomwa kwenye ghasia za uchaguzi, 2008.

Nilitaka udongo tu. Konzi moja, tukauzike nyumbani badala ya ndugu yangu Ooko, kwa vile mwili wake haukupatikana baada ya ule moto.

Mlinzi akaniambia, "Mama, hapa sakafu yote ni terazo mpaka kwa ukuta. Udongo utatoa wapi?"

Udongo utatoa wapi! Ndivyo alivyoniambia.

Na jengo ni zuri, Amolo, sitakudanganya. Ngazi inapanda kana kwamba haijashikwa na kitu. Paa lina kioo katikati, mwanga unashuka hadi sakafuni, pale pale kitanda cha Ooko kilipokuwa. Nilijikuta nimeinua kichwa, nasema kwa sauti, "Aliyechora hii ana akili."

Nilisifu, Amolo. Pale pale.

Mlinzi akanihurumia. Akachota udongo kwa chungu cha maua, akaniwekea kwa leso.

"Umetoka wapi huu?"

"Kiplombe, mama, kule nje ya mji. Uliletwa na lori."

Nimeubeba. Mama yangu amepiga simu, wazee wamemaliza kuchimba kaburi. Nimwambie huu ni udongo wa wapi?