Meza ya Sista Gladness

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata! Sista Gladness, yule anayefungua mgahawa Msasani, kaukubali mchoro wangu. Meza ya chuma ya watu kumi, ya kukaa nje bustanini. Nyeusi. Juu vipande vyembamba vyenye nafasi kati yake, mvua ikinyesha maji yapite. Akauliza fundi mwenyewe ni nani. Mie! Akacheka, akanipa mkono. Anaitaka Jumamosi ya tarehe 16, siku ya kufungua.
Mama kapiga vigelegele jikoni. Baba alisikia. Akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, 6 Agosti
Nimechomelea fremu kutwa nzima hapa uani. Miguu nimeipinda kidogo kwa nje, kama swala anayetaka kuruka. Inapendeza, nasema kweli.
Mwalimu Projestus, rafiki yake baba tangu walipokuwa wakifundisha pamoja, alipita kumsalimia. Akamuuliza binti yako siku hizi anafanya nini. Baba akajibu, yupoyupo tu. Yupoyupo! Na cheche zinaruka hatua kumi kutoka alipokaa! Mwaka wa pili huu tangu niache ukarani kule Kurasini, hajawahi kuniuliza nimeshindaje.
Sawa. Kazi itajisemea.

Ijumaa, 8 Agosti
Msasa. Rangi ya kuzuia kutu mara mbili — upepo wa Msasani una chumvi, hauna huruma na chuma. Halafu nyeusi. Mikono inauma. Roho kwatu!

Jumapili, 10 Agosti
Rangi imekauka. Mama kasema leo tule nje. Nikasita, mali ya mteja hii. Akatandika khanga juu, akaleta ndizi nyama. Bunju nzima hakuna meza kama hii, bwana!
Baba hulaga sebuleni peke yake, miaka yote. Leo katoka na sahani yake. Akakaa mwisho wa meza. Akaongeza ndizi mara mbili. Halafu nikamwona anapitisha kiganja chini ya meza, taratibu, anatafuta panapokwaruza.
Hakupata. Nilisaga mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti
Baba kanywa chai pale. Kala mchana pale. Jioni kaniita: hii kona umeungaje, mbona alama haionekani? Nikamweleza. Nusu saa! Mama alikuwa anaosha sufuria ileile muda wote.
Nikamkumbusha kwamba Jumamosi inaondoka. Akasema, aa.

Jumamosi, 16 Agosti
Saa nne asubuhi. Nimeingia ndani kuchukua blanketi la kuifungia, naandika nimesimama.
Sista Gladness kaja na pikapu na wabebaji wawili. Baba yuko mezani na birika lake la chai.
“Shikamoo mzee. Nimefuata meza yangu.”
“Marahaba. Meza ipi?”
“Hiyo uliyokalia, mzee.”
Baba akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. “Kaitengeneza binti yangu hii.”
“Najua, mzee. Wageni wangu wanafika saa sita.”
Nikamwambia, baba, ahadi ni ahadi, meza yako naianza Jumatatu. Akaitikia kwa kichwa. Hajainuka! Wabebaji wameshika ncha mbili, wanangoja. Sista Gladness ananiangalia mie, anaangalia saa.
Sasa hivi namsikia baba kupitia dirisha. Sauti yake ya ualimu, ile ya darasa zima.
“Subirini kidogo. Fundi hajanywa chai.”
Fundi!
Anamimina. Kikombe cha pili. Kavuta kiti, kakiweka ubavuni kwake —