Jiwe Lililonasa Jikoni

Magara, upande wa juu wa barabara

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujakasirika, nisamehe. Najua umekaa ukiwauliza wote wanaotoka Burundi kama wamebeba karatasi yangu, nao wanakuonyesha mikono mitupu. Sikuwa mgonjwa wala sikukusahau. Nikishika kalamu Gloria anaamka, na akilala yeye ninalala mimi, mara nyingine kijiko bado kiko mkononi. Halafu kulikuwa na jambo ambalo sikutaka kukuandikia mpaka niwe nimelifanya. Ningekuandikia kabla ungenikataza, na mimi sikutaka kukaidi neno lako. Sasa limeshafanyika.

Mgongo wako vipi? Bado unalalia ubavu mmoja? Na mizinga ya marehemu baba, kaka Elia ameipandisha tena mitini au imebaki ghalani na panya? Hapa tuko wazima. Gloria ana meno yote ya mbele, anauma watu, na kila mwanamke mwenye kanga ya njano anamwita bibi, kwa sababu ya ile picha yako.

Yule mama wa kanisa aliyekuja huku kwenye msiba wa mume wangu alinifikishia maneno yako yote, hata sauti yako aliiigiza: "Mwambie nauli nimeshaiweka. Ziwa limekula nyumba yake, asingoje limle na yeye. Arudi Katumba, kitanda chake kipo." Nililia, mama, sitakuficha. Nililia kwa sababu ya kitanda. Namwona baba anavyokipiga randa pale uani, anapuliza vumbi la mninga, ananiambia nikilalie kwanza kabla hajakipigilia misumari ya mwisho. Nikamaliza kulia, nikajifuta, nikaenda kutafuta pamba ya kuzibia mtumbwi.

Ndiyo, mtumbwi. Tulia, unisome mpaka mwisho.

Tangu tumzike Dezire, mtumbwi wake ulikuwa umepinduliwa mchangani, tumbo juu. Desturi ya hapa ni hiyo: mtumbwi wa marehemu nao unakaa msibani mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ukoo unapokusanyika kunywa pombe, kuumaliza msiba na kusema kila kitu kinakwenda kwa nani. Siku hiyo ikafika. Shamba lao kule Kizuka lilishachukuliwa, lina michikichi ya watu wengine, hakuna wa kuligawa. Nyumba iko chini ya maji tangu ziwa lilipopanda. Kikabaki kitu kimoja cha kusemwa. Salvatori, mdogo wake Dezire, akasimama na chupa yake.

"Bwato isiyoguswa na maji iko kuni tu. Shemeji iko mwanamuke, tena mutu wa Katumba. Kule kwao maji wanayaonaka mu ndoo. Miye nitaichukua, mutoto akikuwa tutaongea."

Watu wakacheka hapo kwenye ndoo. Hata mimi ningecheka, angekuwa anasemwa mwingine. Lakini Gloria alikuwa ameketi chini anavuta kandambili yangu, nikamtazama nikajua kwamba hadi akue, hiyo "tutaongea" itakuwa imeoza kuliko mtumbwi wenyewe. Mjane hasimami siku hiyo, anasemewa. Nikasimama.

"Shemeji, mtumbwi usioguswa na maji ni kuni. Na ukiguswa?"

"Uguswe na nani?"

"Na mimi."

Mzee anayesimamia mitumbwi ya hapa pwani alikuwa ameshakunywa vizuri. Akasema kwa utani kwamba sheria ya mchanga inajulikana: mtumbwi ni wa anayeuingiza majini akaurudisha na samaki, na hakuna aliyesema lazima avae suruali. Wakapiga makofi. Wao walikuwa wanacheza. Nikawaambia, "Mmesikia wote. Jumatatu asubuhi."

Hapa, mama, mwanamke haingii mtumbwini. Atanunua samaki, atawaanika, atawapandisha milimani mpaka Bugarama kichwani, lakini akiweka mguu tu ndani ya mtumbwi wanasema ndagala, ndiyo dagaa wetu, watakimbilia Kongo. Mimi sikuwa na haja na ndagala. Hao wanavuliwa mbali, usiku, kwa taa na wavu, kazi ya wanaume wengi. Nilitaka mawe ya karibu, mchana, kwa mshipi wa mkono na ndoana, pale ambapo naona moshi wa kwangu. Samaki wa mawe hawahamihami. Wana makao kama watu.

Mwenzangu ni Mwajuma, jirani anayekaanga samaki kando ya barabara. Kwao ni Ubwari, ng'ambo, ile ardhi ya Kongo tunayoiona asubuhi ukungu ukiondoka. Huko hakuna barabara, hata bibi harusi anapelekwa kwa kasia. "Miye nilijua kasia mbele ya kujua kutembea," aliniambia. "Weye kazi yako ni kukaa chini na kuacha makelele."

Tuliziba nyufa kwa pamba iliyochovywa mawese. Ubao mmoja wa ubavuni ulikuwa umelainika kwa kulalia mchanga, kidole kinaingia. Tukaukandika hivyohivyo.

Jumatatu alfajiri akaja mama mkwe, ambaye siku ya kuganduka hakufungua mdomo. Akanyoosha mikono, akamchukua Gloria, akamfunga mgongoni.

"Amenyonya?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda."

Pwani ilijaa kama kuna harusi. "Mama Gloria, umesahau sufuria!" "Mwajuma, mukirudi mutuletee na chumvi!" Mwajuma hakugeuka hata shingo: "Chumvi iko mu jasho yako, weye mvivu. Jilambe!" Wakamcheka aliyesema, nasi tukapata nafasi ya kusukuma.

Kukaa kwenye mtumbwi mdogo ni kama kukaa mgongoni mwa mtu anayecheka. Nilishika kingo mbili mpaka vidole vikafa ganzi. Tulipofika kwenye mawe nikateremsha nanga. Nanga yetu ilikuwa jiwe, na jiwe hilo nililifunga mwenyewe kwa kamba mpya ya nailoni, fundo juu ya fundo, jinsi baba alivyotufundisha kufunga mzinga usidondoke. Nilijivunia sana hayo mafundo.

Nilidhani kuvua ni kungoja. Nikauacha mshipi ulale chini, nikatulia kama niko kanisani. Ukaingia katikati ya mawe, ukakatika. Nikafunga ndoana nyingine, nao ukakatika. "Usilaze!" Mwajuma akafoka, huku anakumba maji kwa kopo, maana ule ubao ulikuwa unatuvujia. "Kwa mawe haulazi! Ukisikia imegonga, pandisha kidogo, shikilia pale. Samaki atoke kwake kuja kutazama."

Nilikuwa ndiyo naanza kuelewa mkono unataka nini, upepo wa kusini ukaamka. Mawimbi yakaanza kutunyanyua. Tukavuta nanga tusogee, nanga ikakataa. Tukavuta wote wawili, pua ya mtumbwi ikainama, maji yakaingia mpaka magotini.

"Kata!" Mwajuma akanipa kisu. "Kata kamba, tutakufa!"

Nikatazama pwani. Walikuwa wamesimama wote, na Salvatori mbele yao, mikono kiunoni. Mama, bila nanga huwezi kuvua kwenye mawe, upepo unakuchukua tu. Kukata ile kamba ilikuwa ni kurudi mikono mitupu, na kurudi mikono mitupu ilikuwa ni kumkabidhi mtumbwi. Nikakishika kisu na sikukata. Nikainama nikatazama chini.

Maji ya hapa asubuhi ni angavu, unaona mpaka chini. Niliona safu ya matofali. Halafu nikaona buluu. Ilikuwa fremu ya dirisha, ile buluu niliyoipaka mwenyewe nikiwa na mimba ya Gloria, Dezire ananicheka kwamba nimepaka mpaka kioo. Yale hayakuwa mawe, mama. Ilikuwa nyumba yangu; tangu ziwa lihamishe pwani, kutoka juu sikupatambua. Mabati tuliyaondoa kabla ziwa halijaifikia, kwa hiyo jiwe letu lilipita juu moja kwa moja, likaangukia jikoni.

Sikulia. Hapo palikuwa hapana nafasi ya kulia.

"Mwajuma, zunguka, tuende mlangoni."

"Mulango gani katikati ya maji? Uko na homa?"

"Mlango wa jikoni. Unatazama ziwa. Jiwe limeingia kwenye kona ya mafiga. Tukivuta kutoka huku linajibana ukutani. Pale mlangoni hakuna ukuta."

Alinitazama kama watu wanavyotazama mwenye kichaa wanayempenda. Lakini akapiga kasia. Nikamwelekeza kwa mkono: kushoto, pita nje ya chumba cha kulala, usiende mbali, hapo palikuwa na kizingiti, simama. Nikavuta. Jiwe likatoka lenyewe, kama mtoto aliyeitwa mara ya tatu.

Mwajuma akageuza pua kuelekea pwani. Nikasema bado. Nilikuwa nimeona kivuli kinaingia na kutoka pale mlangoni kama mwenye nyumba. Nikateremsha mshipi, ukagonga, nikapandisha kidogo, nikashikilia. Akaja. Wewe humjui kuhe: ni samaki mkubwa, nyama nyeupe, na ana kiburi. Alivuta kama mbuzi anayekataa kuvuka daraja. Mshipi ulinikata vidole viwili, na Mwajuma, aliyeniambia niache makelele, ndiye aliyekuwa anapiga makelele. Tulimwingiza ndani tukamkalia.

Unasema ziwa limekula nyumba yangu. Ni kweli. Sasa na mimi nakula kwake.

Tuliporudi hakuna aliyetaja sufuria. Salvatori akamtazama yule kuhe, akasema, "Iko bahati tu."

"Bahati haipigi kasia, shemeji."

"Utachoka."

"Nilichoka zamani, kabla sijaanza. Nikikaa nachoka, nikienda nachoka. Bora nichoke na samaki."

Yule mzee wa pwani, siku hiyo akiwa hajanywa, akaja akapapasa tumbo la mtumbwi kwa kiganja. "Imeloa," akasema, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu.

Hapa kichwa cha samaki wa kwanza hupewa mwenye mtumbwi. Jioni mama mkwe alimpika yule kuhe kwa mawese na nyanya chungu. Salvatori alikuwa ameketi pale, mtoto wake wa kumzaa, sahani mapajani. Mama mkwe akakiinua kile kichwa kwa mwiko, akampita, akakiweka mbele yangu. Sijawahi kula kitu chenye miiba mingi na kitamu vile.

Sitaki uone kama kila siku ni hivyo. Siku nyingine tunarudi na vijisamaki vya kutia kwenye mchuzi tu. Mikono yangu ukiiona utaomba mafuta. Kuna wanaume wanaotema mate mtumbwi wetu ukipita, na Salvatori ananisalimia kwa kidevu. Kidevu chake kinanitosha. Mwajuma naye hajaacha kunicheka kwa yale mafundo: "Jiwe umelifunga kama unaolewa nalo!" Kumbe kwenye mawe jiwe hufungwa kwa ugomba mkavu, yaani ganda la mgomba, kitu dhaifu; likinasa ugomba unakatika, unapoteza jiwe unabaki na kamba. Mimi nililifunga kama mzinga. Lakini ugomba nao unakatika hata pale usipotaka, na hapo nimepata wazo langu, utaliona huko chini.

Mama, najua kwa nini unaliogopa ziwa hili. Bibi alilikimbia wakati wa mauaji akiwa na wewe mgongoni, na kwa maisha yako yote umesikia jina lake pamoja na vilio. Unaponiita nirudi, nasikia ile sauti uliyokuwa ukituitia tuingie ndani mvua ikianza. Naipenda sauti hiyo. Lakini sirudi. Katika ukoo wetu tumekimbia vya kutosha, acha mmoja akae. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini niombee.

Msalimie kaka Elia, mlinzi wa mizinga, mwambie asiwauzie walevi asali kwa mkopo. Msalimie shangazi Venansia, sauti ya kwanza ya kwaya, mwambie hapa wananiambia naimba kama yeye, nami sikatai. Msalimie mjomba Yeremia fundi baiskeli, na mke wake aliyenisuka nywele siku ninaondoka. Mama mkwe anakusalimu. Mwajuma pia, anasema ulizaa mkaidi.

Ni mimi mkaidi wako,
Adelina, mama Gloria

Vitu ninavyohitaji ni hivi, mpe yule mama wa kanisa, na vizito apakie kwa watu wa lori. Nta ya nyuki, donge moja kubwa, ya kuzibia mtumbwi, maana pamba na mawese vinatoka jua likiwaka. Kamba za gome la mwombo, zile nyembamba ambazo baba alifungia mifuniko ya mizinga, siyo za kubebea: nitafungia jiwe la nanga, hizo zinashika ukivuta, na ukilazimisha zinakatika. Kanga yako kuukuu ya kumbebea Gloria. Isiwe mpya, wala usiifue.

Na kitanda changu. Mwambie Elia akifungue taratibu asipasue, anitumie zile mbao mbili ndefu za ubavuni. Mninga hauogopi maji, na ule ubao wa mtumbwi hautafika masika. Nauli uliyoniwekea, ilipie hizo mbao.