Kondo Linaenda Wapi

Jumatatu, 3 Mei 1993. Bungoma.
Palizi imeisha upande wa juu, bado chini. Asubuhi nimefundisha wanafunzi wa uuguzi kupima presha, mchana nimekaa kwa mpiga chapa hadi akamaliza ombi langu la utafiti. Kurasa ishirini na sita. Kosa moja tu, na ni langu.
Ni hivi: malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto anazaliwa mwepesi, na mama mwenyewe haonyeshi homa. Nimeona hivyo miaka kumi na saba wodini. Sasa nataka kuthibitisha. Kina mama 240, kipande kidogo cha kondo kwa kila mmoja, katika zahanati ya misheni nje ya Kitale. Wafadhili wa ng'ambo wanataka karatasi zote ifikapo 30 Juni, pamoja na kibali cha kamati ya maadili ya chuo. Bila kibali hawasomi hata ukurasa wa kwanza. Bila wao, shahada yangu inaishia hapa, maana karo nimejilipia kwa mashine ya kusaga unga lakini maabara siwezi.
Hata hivyo namshukuru Mungu. Yule msichana muuza vitunguu Kimilili, yaani mimi, amefika mbali.

Ijumaa, 14 Mei.
Kamati imenirudisha.
Daktari Barasa. Nani mwingine? Ni yule yule mpasuaji aliyeniambia mbele ya watu, mwaka nilipoanza, "Sista, utafiti si kubadilisha bandeji." Leo alifunua karatasi polepole kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.
"Ukishakata kipande, kondo lenyewe linaenda wapi?"
Nikasema shimoni, linachomwa. Kama kawaida.
"Na mama amekubali hilo?"
Fomu yangu inaomba damu na kipande. Kuhusu kilichobaki, haina neno. Wameniambia nirudi 18 Juni.

Jumamosi, 15 Mei.
Sikulala vizuri. Wenzangu wawili wamepitishwa, na mmoja hata idadi ya watu wake haijumlishiki, nilihesabu mwenyewe. Mimi nimenaswa kwa uchafu wa kutupwa! Kutoka 18 Juni hadi 30 ni siku kumi na mbili. Wakinirudisha tena, basi. Nina hasira na sitaki kuombewa.

Jumapili, 23 Mei. Kimilili.
Nilikwenda kwa mama nilalamike. Nilitegemea atamtukana Barasa pamoja nami. Akaacha kupepeta maharagwe.
"Ati mnachoma?"
Nikamwambia kila siku, mama, ni hospitali.
"Lako liko pale nyuma ya jiko. La ndugu yako Wekesa liko kando yake. Nilichimba na dada yangu tukiwa tunanyeshewa. Sasa wewe umesoma ukaenda kuchoma ya wenzako?" Kisha akacheka. "Digrii ngapi hizo, na hujui kwako ni wapi?"
Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nimepita nyuma ya lile jiko tangu utotoni, na nilipokaa kuandika nikaandika kama kitabu kilivyoandika. Barasa yuko sawa. Kuandika sentensi hiyo kumenigharimu.

Jumanne, 1 Juni. Kitale.
Nimeomba ruhusa kazini nikaja zahanati ya misheni kuuliza wenyewe. Nimeongea na kina mama 31, wengi wakiwa na mama zao au mama wakwe. Wangapi watakubali kipande kikatwe na kilichobaki kichomwe? Tisa. Wakirudishiwa kilichobaki? Ishirini na tisa. Sihitaji kalamu kwa hesabu hiyo. Ningeanza kama nilivyopanga, ningekimbiwa kabla sijafika nusu.
Nyanya mmoja wa Saboti aliniambia mkwewe mkubwa huzalia nyumbani kwa sababu hiyo hiyo.
"Si mbaya kukata, Sista. Hata kuku tunagawana. Lakini huwezi kwenda na kuku mzima halafu useme umeonja tu, bana!"
Wodi nzima ikacheka. Mimi pia, ingawa mwizi wa kuku alikuwa mimi.

Alhamisi, 10 Juni.
Naandika upya. Sista Agnes, mtawa msimamizi wa zahanati, alikataa kwanza: harufu, nzi, magonjwa. Ana haki. Tumekubaliana ndoo yenye kifuniko, mifuko miwili, jina la mama juu, glavu kwa anayebeba, na lichukuliwe kabla ya jioni. Mwishowe yeye ndiye aliyechagua mahali pa kuweka ndoo. Mungu ambariki yule mama.

Ijumaa, 18 Juni.
Barasa alisoma kila mstari. Swali moja: mama asiye na mtu wa kumchukulia je? Nikasema watawa wametoa kipande cha shamba nyuma ya zahanati, tutazika pale, naye ataonyeshwa. Akaandika jina lake akasukuma karatasi kwa mwenyekiti. Nimepita.
Kwenye korido alinifuata. Alisema mtoto wao wa kwanza alizaliwa amekufa. Waliomba kondo wamzike nalo. Wakaambiwa limeshatupwa. "Mke wangu bado huuliza liko wapi," akasema. "Mimi ni daktari na sina jibu."
Nikamwambia pole. Halafu nikamwambia asante, na nilimaanisha. Ile ya bandeji sijasahau. Lakini asante nilimpa nzima.

Jumanne, 29 Juni. Bungoma.
Faksi ya posta iligoma mara mbili. Ya tatu ikapita, kurasa zote. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatano, 6 Oktoba.
Wafadhili wamekubali! Wamepunguza kidogo kwenye usafiri, nitaziba kwa mashine ya unga. Nimempigia Sista Agnes. Jumapili nitampelekea mama sukari na blanketi.

Jumatatu, 8 Novemba. Kitale.
Mama wa kwanza amejifungua saa nne asubuhi. Msichana, kilo tatu na robo. Nilimweleza tena yote akiwa ametulia, akakubali tena. Nilikata kipande, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Kilichobaki nikafunga mara mbili, nikaandika jina.
Nyanya wa mtoto alikuja kabla ya mvua. Alivaa glavu bila kuuliza, akapokea mfuko kwa mikono miwili. Akauambia, si mimi, "Haya, twende nyumbani."
Nilisimama mlangoni hadi akapita geti. Kipande changu kimo kwenye chupa. Kinanitosha.