Sabuni Kwanza: Kwa Baba Yetu, Daktari Revelian wa Temeke

Mwaka umeshapita, Baba, tangu homa ilipokuchukua hapa nyumbani Temeke, mwaka 1955, ukiwa bado umewaahidi watu mazungumzo ya Jumamosi.

Ulikuwa daktari wa wanyama. Siku za kazi uliitumikia serikali, lakini Jumamosi ulikuwa wa majirani. Uliwafundisha bure jinsi ya kutunza mbwa na paka wao, na ulipoulizwa unapata nini, ulicheka ukasema, "Napata usingizi."

Mara ya kwanza uliharibu. Mgeni kutoka Bukoba, uliwaita watu uani kwetu karibu na swala ya Alasiri, ukamwacha mbwa wako Askari alambe kila anayeingia. Majirani waliokwisha kutia udhu walisimama barabarani wakihofia najisi ya mate yake, kisha wakarudi makwao. Ulinuna kutwa. Kesho yake ukaenda kwa Mzee Zahor mwenye duka.

"Shikamoo mzee. Nimekosea wapi?"

"Marahaba, daktari. Mbwa mfunge ng'ambo ya barabara. Watu waswali kwanza, halafu anza na paka wa mke wangu. Mie baraza yangu nakupa."

Tangu hapo baraza ilijaa.

Ulipozikwa, wapo waliosema mazungumzo nayo yamezikwa. Mama alikasirika, sisi tukanyamaza. Kisha mbwa mwenye kichaa akapita sokoni, akamng'ata jirani yetu Tekla mguuni. Mumewe alikwisha kushika tumbaku ya kupaka kwenye jeraha. Tekla akamfokea, "Weka chini hiyo! Sabuni kwanza, maji mengi, halafu hospitali. Marehemu alisemaje?" Akaoshwa, akapelekwa, akachomwa sindano zote. Leo yu mzima, na ukali wake vilevile.

Tunakulilia bado, tusiseme uongo. Kiti chako hakuna anayethubutu kukikalia. Lakini Mama amesema atasimama yeye barazani, maana mafundisho yako ameyasikia mpaka ameyakariri, na asilolijua ataliuliza kwa wenzako wa kazini. Hatumzuii. Nani angeweza?

Pumzika, Baba. Anaanza Jumamosi hii, watu wakishaswali. Askari atafungwa ng'ambo ya barabara.

Unakumbukwa na mkeo Kokushubila, wanao Gaudens na Jovina, dada yako Apolonia, pamoja na jamaa wote wa Bukoba na majirani wa Temeke.

Hatutakusahau kamwe, wala hatutanyamaza tena.