Mpini Ambao Sikuuvuta

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu, au bado unatembea umeinama kama unayetafuta sindano? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, ila usingizi umenipiga chenga. Najua habari zimekufikia nusunusu, basi nikupe zote.

Kazi yangu unaijua: nakaa kiti cha nyuma cha ndege ya kivita, natazama rada na kumwelekeza rubani. Nyuma kuna usukani pia, lakini sisi wa rada hatufundishwi kutua. Rubani wangu, tunayemwita Taratibu maana hata chai hunywa kwa vituo, alikuwa akiniachia usukani mara mojamoja angani, eti nimshikie ajikune pua. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote.

Jumanne tulikuwa tunarudi kutoka mazoezini, tukiruka chinichini, korongo mmoja mkubwa akatugonga akapasua kioo cha mbele. Upepo ukaingia kwa kishindo. Nikamwita Taratibu, kimya. Kofia yake ilikuwa imelalia bega, na ndege imeanza kuinamisha pua. Nikashika usukani nikavuta hadi pua ikainuka.

Mnara wa kuongozea ndege ukaniamuru redioni nivute mpini wa dharura, ule unaotufyatua sote wawili na viti vyetu tukashuke kwa parachuti. Lakini kiongozi wetu wa mazoezi, mama mmoja mwenye sauti kavu aliyekuwa akiruka nasi, alisogeza ndege yake ubavuni mwetu akachungulia. Akasema Taratibu amelegea, kichwa kimepinda; akifyatuliwa vile, shingo itavunjika.

“Ukiamua kubaki,” akaniambia, “nitakushusha kwa maneno. Nisikilize mimi tu.”

Nikabaki. Akaniambia nipunguze moto, niteremshe magurudumu, nisitazame ardhi ya karibu bali mwisho wa uwanja. Mara ya kwanza nilikuja kwa kasi mno, akanipigia kelele nipande tena. Mara ya pili tuliangukia magurudumu kwa kishindo, tairi likapasuka, tukaserereka hadi majanini. Ndege ikasimama. Mikono yangu ikakataa kuuachia usukani. Zimamoto ndio walionibandua vidole.

Taratibu yuko hai. Jicho moja limekwenda, hatarusha ndege tena. Mkewe alinishika mikono akaniita kaka. Nilishindwa kumtazama.

Dada, hili sijamwandikia mama. Nilipokosa kutua mara ya kwanza, niliushika ule mpini. Si kuushika tu, nilikwisha kuamua. Nilimwambia Taratibu kimoyomoyo anisamehe, nikabana shingo yangu mimi kwenye kiti. Ndipo nikamsikia kwenye vipokea sauti akiomba maji, kama mtoto aliyeamka na homa. Nikauachia. Angekaa kimya kidogo zaidi, ningemuua.

Jana nilimweleza Taratibu yote hospitalini alikolazwa. Akageuza uso ukutani, nami nikakaa nikihesabu vigae vya sakafu. Nilipoinuka kuondoka, akauliza, bila kunigeukia, “Kesho utakuja saa ngapi?”

Nimemwambia asubuhi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mama mwambie nakula vizuri, na shemeji mwambie deni lake la kunicheka nilivyoogopa kupanda ngazi limefutwa.

Ni mimi, kitindamimba wenu.